Mizinga Kumi na Miwili

Hakupenda kusikia mtu akisema mzinga ni mtupu. Ukisema hivyo mbele yake alikuangalia kana kwamba umemtukania mama, kisha akakusahihisha polepole: "Si mtupu. Unangoja." Siku moja alimkatiza katekista katikati ya salamu za jioni kwa ajili ya neno hilo, na katekista, mtu mzima na watoto wake, akaomba radhi kwa mzinga.

Sisi tulimwita Muzee wa Mizinga. Jina lake la kwenye kadi ya mgao wa chakula nalijua vizuri, maana nililitamka kwa mdomo wangu mbele ya ofisa, herufi kwa herufi, lakini sitalitaja. Amekufa msimu wa mvua uliopita, kule kule Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, Uganda. Binti yake, mtoto pekee aliyebaki naye, hakumwona tena kwa macho tangu asubuhi ile alipopanda basi la watu wanaopelekwa Amerika. Kosa la kuwatenganisha lilikuwa langu. Naliweka mwanzoni kabisa, usije ukasoma hadi mwisho ukidhani nasifu jirani. Na kosa lenyewe halikuwa la chuki wala la hongo. Lilikuwa neno moja, na neno hilo ni mzinga.

Miaka hiyo nilikuwa mkalimani kwenye ofisi iliyowahoji wakimbizi wa kupelekwa Amerika. Nimetoka Uvira, Kongo, nimekulia mjini, nyuma ya duka la baba yangu, na Kiswahili changu kizuri nilikipata kwenye redio. Wenzangu wa Kivu walisema "fasi", "mingi" na "njo", mimi nikasema "mahali", "nyingi" na "ndiye", nikawacheka. Nilijiona. Ofisini walinipenda kwa sababu hiyo: huyu dada Kiswahili chake kimenyooka, na Kiingereza anacho.

Naye Muzee alikuwa Mrundi wa milimani. Siku yake ya mahojiano mkalimani wa Kirundi alikuwa ameshikwa na malaria, nikaulizwa kama naweza kukaa pale. Muzee akaulizwa kama Kiswahili anakijua. Akajinyoosha kwenye benchi. "Miye Kiswahili nakijua toka kijana," alisema. "Nimeuza asali Bujumbura miaka mingi." Hilo la asali alilisema mlangoni, kabla ya kuketi, na mimi nilikuwa natafuta kalamu, sikulishika. Wawili wenye kiburi cha Kiswahili, tukaingia ndani, mlango ukafungwa.

Ofisa akauliza: kabla ya kukimbia, aliishi kwa kazi gani? Muzee akajibu, "Nilikuwa na mizinga."

Sasa mimi mzinga wa nyuki nilikuwa sijawahi kuuona. Kwetu asali ilikuja kwenye chupa. Lakini mizinga ya redio niliijua, maana nimekua nayo: mizinga ilisikika ikinguruma usiku kucha kwenye vilima, mizinga ya waasi, mizinga ya serikali. Nikasema kwa Kiingereza neno la bunduki kubwa za magurudumu. Ofisa akainua kichwa.

"Mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Ilikuwa wapi?"

"Juu ya kilima. Yote tuliitazamisha bondeni."

"Ilikuwa ya nani?"

"Yangu na ya baba mkwe. Tulisaidiana kuilinda."

"Watu waliumia?"

Hapo Muzee alicheka, Mungu wangu, alicheka kabisa. "Mwizi mmoja tu. Huyo alilala hospitali wiki mbili, uso umevimba, mama yake hakumtambua."

Nami nikatafsiri kila neno. Nilijisifu moyoni kwamba sikupunguza kitu. Ofisa aliandika, akaandika, na kicheko cha yule mzee nadhani nacho alikiandika. Swali moja tu lingetuokoa: mizinga ya nini, Muzee? Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa mgumu kama mfupa, haukugeuka.

Dosiye, yaani faili lao, ilikuwa ya watu wanne: yeye, binti yake, mume wa binti, na mtoto mchanga wa kike. Baada ya miezi kadhaa wakaitwa, dosiye ikagawanywa. Watatu waende. Mzee asubiri, jambo lake bado linaangaliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi pale binti alipoambiwa, mkalimani wa Kirundi hakuwapo tena. Alikataa. Alisema, "Bila baba yangu mimi siendi, mumwambie huyu mzungu siendi," akateremka kwenye kiti akapiga magoti. Nikatafsiri. Ofisa akasema wasipoenda sasa nafasi itapotea ya wote, hata ya mtoto. Nikatafsiri na hilo. Mumewe akamwinua kwa kwapa akamtoa nje. Na kwa kuwa sisi wakalimani tuliapishwa kutosema nje yaliyosemwa ndani, binti naye akaonywa kwamba mambo ya dosiye hayajadiliwi, alirudi nyumbani kwa baba yake akiwa hana maneno.

Baba alijaza maneno mwenyewe. Wiki chache kabla, mkwe wake alikuwa ametania mezani kwamba Amerika hakuna nafasi ya wazee, huko wazee wanawekwa kwenye nyumba yao. Watu walicheka. Muzee hakucheka, akaweka moyoni. Dosiye ilipogawanywa akajua, au akadhani anajua, kwamba binti yake ndiye aliyeomba. Siku ya basi hakwenda kuaga. Alikaa kwenye mizinga yake hadi vumbi likatulia barabarani. Binti alipopiga simu kutoka ng'ambo, aliiangalia ile namba ndefu ikiwaka, akaiacha ilie mpaka ichoke. Alifanya hivyo mwaka, na mwaka wa pili. Kisha laini yake ikafungwa, kama zilivyofungwa laini nyingi za wakimbizi, na simu ikakoma.

Yote hayo niliyajua baadaye, kipande kwa kipande. Nilipohamia upande wao wa makazi, wanawake kwenye foleni ya unga waliniambia asali nzuri inapatikana kwa Muzee wa Mizinga. Nilishtuka. Nikajiambia, kumbe yule mwanajeshi wa bunduki kubwa siku hizi anauza asali, dunia hii. Nikaenda na chupa yangu ya maji, nikamkuta amekalia gogo, anapaka samadi ya ng'ombe kwenye kitu kirefu cha mviringo kilichosukwa kwa fito.

"Hii nini, Muzee?" nikamuuliza.

"Weye, enterpreti, mtu wa Kiswahili kama weye hujui mzinga?"

Niliketi chini. Kwenye udongo, na kitenge changu kipya. Akadhani jua limenipiga, akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akasimama kunizibia jua kwa mwili wake hadi nikamaliza. Ningesema siku ile, ingekuwa mwaka mmoja tu wa hasira. Nilinunua asali, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini. Hilo nililifanya, msiniandikie woga mtupu. Yule ofisa alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo alinisikiliza, akaniambia niandike barua. Nikaandika, nikakiri kosa langu kwa Kiingereza safi, nikatia sahihi. Kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Kisha nikaacha ile kazi, nikahamia mji wa Mbarara, mtaa wa Kakoba, nikanunua cherehani. Kwa karatasi niliweza kukiri. Kwa mzee mwenyewe, anayenizibia jua, nilishindwa, na nilishindwa miaka minane.

Badala yake nikawa mtu wake. Kila mwezi nilishuka Nakivale kumchukulia asali, nikawauzia majirani zangu wa Kakoba. Watu walisema nina moyo mzuri. Waache waseme. Mimi nilijua naenda pale kufanya nini.

Na jinsi alivyofanya kazi, ilikuwa raha na ilikuwa uchungu kumtazama. Mizinga karibu yote haikuwa yake. Miaka fulani mradi mmoja ulikuja ukagawa mizinga ya mbao, ile kama sanduku, kila nyumba iliyoomba ikapewa. Halafu watu wakaanza kuondoka. Warundi wengine walirudi kwao, Wakongo wengine wakapelekwa ng'ambo, wengine walihama tu bila kuaga. Mizinga ikabaki. Kuku walitagia ndani, watoto walikalia, wanawake waliichanja kuni. Muzee alipita nyuma ya kila aliyeondoka. Alikusanya ile iliyoachwa, akaibeba begani, mmoja mmoja, na magoti yake mabovu.

Alikuwa na utaratibu. Kwanza aliing'oa nta kuukuu na nyuzi za nondo kwa kisu kifupi. Kisha aliufukiza ndani kwa moshi wa samadi kavu, akaufuta kwa majani ya mchaichai, ile sisi Wakongo tunaita sitroneli, na mwisho akapaka nta kidogo mlangoni kwa kidole gumba. Baada ya hapo, basi. Hakwenda porini kukamata nyuki wala kuwahamisha kwa nguvu. Wenzake waliojifunza kwenye semina walimcheka: utangoja hadi lini? Alijibu, "Nyumba unaweza kuitengeneza. Mtu wa kuingia humuingizi."

Kila mzinga aliuita kwa jina la aliyeondoka. Ule wa fundi baiskeli. Ule wa mama wa mapacha. Ule wa mwalimu wa chekechea. Na asali ya kila mzinga alipoitoa, alitenga chupa moja ya mwenyewe, akaiweka kwenye rafu juu ya kitanda chake. Chupa za watu walioko Amerika, Australia, Burundi. Zilikuwa zimesimama pale zikigeuka nyeusi. Nilimwambia, "Muzee, hii mingi hivi, hao batu habatarudia." Akasema, "Nani amesema ni ya kurudi? Ni yao."

Lakini mzinga wa binti yake, ambao mradi ulimpa binti na yeye mwenyewe akautundika, huo haukutengewa chupa. Ulikuwa ndio wenye nyuki wengi kuliko yote, na asali yake alinisukumia mikononi bila kuiangalia. "Ya huyu gawa. Wape hata walevi." Mtu aliyemtunzia chupa fundi baiskeli ambaye hata kabila lake hakulikumbuka, damu yake hakuitunzia kijiko. Na mimi nikazipokea chupa hizo kila mwezi. Nikazibeba hadi Kakoba kwenye mfuko, zinanigonga mguuni.

Kwa nyuki alikuwa mpole, kwa watu alikuwa na mdomo. Mfugaji mmoja Munyankole, mwenyeji wa pale, alikuja kumlalamikia, kijana mwenye fimbo na buti za mpira. "Mzee, hii nyuki yako imeuma ng'ombe yangu. Toa hii kitu hapa." Muzee akamjibu, "Ng'ombe wako alibisha hodi?" Kijana akacheka, akalegea, na tangu siku hiyo akawa anamletea samadi. Lakini na kwaya ya kanisa aligombana hadi akahamia benchi la nyuma, kwa sababu walinunua kinanda cha betri na yeye alisema Mungu si kiziwi. Alisali rozari kila alfajiri, na baada ya rozari alimteta padri. Asali yenyewe hakuila. Chai alikunywa kavu, bila sukari, akidai vitamu ni vya watu wenye meno, na meno alikuwa nayo karibu yote.

Watu wakisema ile methali ya fuata nyuki ule asali, alikunja uso. "Nyuki humfuati," alisema. "Unakaa fasi moja, anakukuta." Neno "fasi" alilichukua kwangu. Ajabu, mimi niliyewacheka wenzangu kwa neno hilo, nilirudi kulisema nikiwa naye, na akalipokea kwangu kama kitu cha thamani.

Nimeona bumba la nyuki likiingia mara moja tu. Ilikuwa mzinga wa mama wa mapacha, familia iliyorudi Burundi kwa malori ya asubuhi, wakaacha hata sufuria. Muzee alikuwa ameusafisha pale pale uani kwao, na siku tatu mfululizo alikuja kuniambia habari, nikiwa nimelala kwa jirani yake kwa ajili ya matanga. Jana wajumbe wawili. Leo wajumbe kumi. Aliwaita wajumbe wale nyuki wachache wanaotangulia kukagua. Wanaingia, wanatoka, wanapima kuta kwa miguu, kisha wanarudi kutoa ripoti. "Sasa hivi huko wanabishana," alisema. "Wengine wameona shimo kwenye mti, wanasema ni zuri kuliko hapa."

Kesho yake mchana nilisikia sauti nikadhani ni lori. Kina mama wakawaingiza watoto ndani, wengine wakafunika nyuso kwa kanga. Wingu jeusi lilikuja kutoka upande wa ziwa, likazunguka juu ya ile nyumba ya mapacha iliyoachwa, isiyo na mlango, likashuka. Muzee alisimama hatua tano tu, hakujifunika. Akavua kofia. Nyuki walitua kwenye ubao wa mzinga, wakaanza kuingia kwa miguu, wakikanyagana kwenye ule mlango mwembamba, maelfu, na yeye akawaambia kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu mimi nilikuwepo, "Karibuni. Mwenyewe hayupo, lakini nyumba ni nzuri."

Kisha akanigeukia, macho yamejaa maji, akasema neno lililonikata. "Hawa hawana dosiye, enterpreti. Hakuna anayewagawanya."

Hapo nilifungua mdomo. Nilisema, "Muzee, pengine si mutoto yako njo aliombaka mugawanywe." Akaweka kofia kichwani. "Ulikuwemo ndani?" akauliza. Nami, Mungu anisamehe, nikajificha nyuma ya kile kiapo. Nikasema sisi wakalimani haturuhusiwi kusema. Akasema, "Basi nimejua." Kwake kunyamaza kwangu kulikuwa ushahidi. Nilikuwa nimemtafsiria vibaya kwa mara ya pili, na safari hii hata neno sikulisema.

Mwanzoni mwa mwaka aliokufa nilipata habari kwamba miguu imemvimba hadi hawezi kuvaa viatu. Mwanamke wa Kaberebere, kituo cha njiani kwenda Nakivale, anayeninunulia vitambaa ndiye aliyeniambia, tena katikati ya hesabu za mikono na kola, akaendelea na kola. Niliacha nguo ya harusi ya mtu kwenye cherehani. Nikafika Nakivale saa tisa mchana, Jumamosi. Alikuwa kitandani, amegemea ukuta, chini ya ile rafu. Pua yake ilikuwa imechongoka. Nilipomwamkia hakuniuliza habari za Mbarara kama kawaida yake, akasema, "Wewe hapo, nilikuwa nangoja mtu."

Nikajua nikisubiri kidogo nitaanza kupika uji, kufua shuka, kusafisha, na sitasema tena. Nikasema nikiwa nimesimama.

"Muzee, mimi njo nilikosaka. Ile siku ya intavyuu, uliposema mizinga, nilimwambia mzungu ulikuwa na bunduki kubwa, zile za vita. Kumi na mbili. Juu ya kilima. Ndiyo sababu bakakuacha."

Akanitazama. "Rudia."

Nikarudia. Akauliza kama mzinga kweli ni bunduki. Nikamwambia kwenye redio ni bunduki. Akafikiri, midomo inatembea, naona anarudi mle chumbani swali kwa swali: kilima, bonde, baba mkwe, mwizi. Alipofika kwa mwizi akaanza kucheka. Alicheka kifua kikikoroma, akapiga godoro kwa kiganja, "Mama yake hakumtambua," akicheka, machozi yanamtoka, na mimi kwa woga nikatabasamu. Halafu kicheko kikakatika.

"Na mtoto wangu?"

"Hakusemaka kitu kibaya, Muzee. Alipiga magoti. Alisema bila weye haendi. Mimi nilikuwa pale, mimi njo nilitafsiri."

"Alipiga magoti."

"Ndiyo."

"Na weye umekuja hapa kila mwezi."

"Ndiyo, Muzee."

"Umekula ugali wangu. Umebeba asali yake."

Akanionyesha mlango kwa kidevu. "Toka."

Nikatoka. Nilifika karibu na mti wa mzinga wa kwanza, sijui nilitaka kwenda wapi, basi la Mbarara lilikuwa limeshapita. Nililia kwa sauti kubwa, mwanamke mzima, wapita njia wananiangalia. Kisha nikasikia mkongojo wake ukipiga ukuta wa udongo, mara tatu, na sauti yake ikiita, hafifu, yenye hasira. "Enterpreti! Unakwenda wapi? Nani atanipigia simu?"

Namba alikuwa nayo. Aliinakili mwenyewe enzi zile ikilia, kwenye kipande cha boksi la sabuni, akakifunga ndani ya mfuko wa rozari. Miaka yote ya kukataa kupokea, hakuitupa. Nikaiandika kwenye simu yangu, nikakosea tarakimu, nikaanza upya. Kwao ilikuwa asubuhi. Ililia mara nyingi. Nikaweka simu kwenye shuka kati yetu, sauti juu. Akapokea mtoto wa kike, kwa Kiingereza, Kiingereza cha puani cha watoto wa huko.

Nikamwambia napiga kutoka Uganda, niko na babu yake. Kisha mtoto akasema kitu, polepole na kwa adabu.

"Anasema nini?" Muzee akauliza. Nilikawia. Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake havikuwa na nguvu. "Na leo usikosee."

"Anasema tumekosea namba. Anasema babu yake alikufa."

Muzee akapokea habari hiyo kama anavyopokea mtu habari ya jirani. Akatikisa kichwa kidogo. "Alikufa lini? Muulize."

Nikauliza. Mtoto akasema alipokuwa darasa la kwanza. Mama alikuwa amepiga simu muda mrefu haipatikani, halafu mtu aliyetoka kambini akamwambia mzee wa nyuki amefariki. Wakaweka picha mezani, wakawasha mshumaa, watu wa kanisa wakaja.

Nilitafsiri yote. Muzee alikuwa anatazama mlangoni, kwenye mwanga.

"Muulize," akasema, akaanza tena. "Muulize, mama yake alilia?"

Nikamuuliza mtoto. Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika, nadhani alikuwa ameanza kuelewa anaongea na nani.

"Anasema alilia sana. Anasema hakwenda kazini wiki nzima. Anasema mpaka leo wakila asali anatoka mezani."

Muzee alifunika uso kwa mikono miwili. Alikaa hivyo. Mabega yake yalitikisika bila sauti, na mimi sikuthubutu kumgusa. Kwenye simu pale shukani mtoto akauliza kama bado tupo. Akasema mama yake yuko chumbani, amelala, amefanya kazi usiku kucha kiwandani. Akauliza, amwamshe?

Nikatafsiri. Muzee akatoa mikono usoni haraka.

"Hapana," alisema. "Amechoka. Mwache alale."

"Muzee, miaka tisa."

"Mwambie amwache mama yake alale. Tutangoja."

Basi tukangoja. Nilimpikia uji, akanywa nusu. Jua lilikuwa bado halijazama simu ilipolia, ile namba ndefu, na safari hii hakuiacha ilie hata mara ya pili. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaisogeza sikioni, akasema neno moja la Kirundi. Upande wa pili nilisikia mwanamke akipiga ukelele. Wakaanza kuongea, wote kwa pamoja, haraka haraka, na mimi Kirundi sikijui. Nilikaa kidogo kwenye kigoda, kwa mazoea, kalamu ya bure mkononi. Hakuna aliyenitazama. Nikainuka, nikatoka nje, nikavuta mlango.